Dhoruba Ikipita Usedom: Siku Zangu kwenye Ufukwe wa Watu wa Uchi

Mimi ni muuguzi, naishi Berlin, nimekulia Tanga. Nayaweka haya mbele ili msomaji ajue anamsikiliza nani: mwanamke aliyezoea kuingia baharini Raskazone na gauni lake mwilini, akatoka nalo limemganda, akajitupia kanga upesi kabla wapita njia hawajakodoa macho. Atakayeona nimepotoka kwa kwenda nilikokwenda ana haki yake, na simshawishi mtu avue nguo. Naandika kwa sababu sisi tunaoishi Ujerumani tunaalikwa huko na wafanyakazi wenzetu, tunahangaika na habari ya uchi peke yake, na hakuna anayetuambia habari ya bahari. Mwaliko ukiangukia siku za baada ya dhoruba, bahari ndiyo ya kuulizia kwanza.

Aliyenialika ni mama wa makamo ninayefanya naye zamu za usiku. Alikulia Ujerumani Mashariki, na tangu utotoni familia yao huenda kila kiangazi kisiwa cha Usedom, kwenye Bahari ya Baltiki, mpakani na Polandi. Aliniambia bila kupepesa macho kwamba wao hukaa upande wa FKK, yaani upande wa watu wasiovaa kitu. Bibi, babu, wajukuu, wote. Kwake hilo lilikuwa jambo la kawaida kabisa. Njiani kwenye treni alinisimulia kwamba mwaka 1954 serikali ya Kikomunisti ilijaribu kuwapiga marufuku watu wa uchi katika pwani ile, watu wakakataa, na mwaka 1956 ikatoka amri ya kuwatengea sehemu zao zenye vibao. Baada ya 1990, nchi ilipoungana, wageni kutoka magharibi wakaanza kulalamika kwamba wanaona wasiyotaka kuyaona, na sehemu za wavaa nguo zikaongezwa. Mama yule bado ana kinyongo nalo. Kwake yeye, wageni wamekuja nyumbani kwake na kumfundisha haya.

Dhoruba ilipiga siku chache kabla ya likizo yetu, mwisho wa Agosti, upepo wa kaskazini-mashariki uliovuma mchana na usiku. Zamu zetu hazibadilishwi kirahisi, na mwenye chumba tulichokodi alikataa katakata kurudisha fedha. Kwa hiyo tukaenda. Nauli haikuniuma: nilikuwa na tiketi ya mwezi ya treni za mikoa za nchi nzima, ambayo wakati ule ilikuwa euro 49 (imepanda tangu hapo), nayo inakufikisha hadi Züssow na kukuvusha daraja la Wolgast kuingia kisiwani kwa treni ndogo. Kilichouma ni muda, maana miti ilikuwa imeangukia njia ya reli na safari ya saa tatu na kitu ikageuka ya nusu siku. Ukisafiri baada ya dhoruba beba chakula chako, tena cha kushibisha. Ukishafika utalipa pia kodi ya wageni, euro chache kwa kila siku unayolala pale. Itunze ile kadi, huwa wanaiuliza.

Siku ya kwanza hatukuvua hata viatu. Upepo ulikuwa umepungua lakini haujafa, na mchanga ulikuwa ukiruka usawa wa magoti na kuchoma kama sindano za chanjo. Hebu fikiria huo mchanga kwenye ngozi isiyo na kitu. Mume wa mwenyeji wangu, mzee mcheshi mwenye magoti mabovu, alisimama juu ya kilima cha mchanga, akatazama mara moja, akasema twende tukanywe kahawa. Nilimshukuru kimoyomoyo, maana nilikuwa nimepewa siku moja zaidi ya kujiandaa. Ushauri wangu wa kwanza basi: usikimbilie kushuka siku ile ile upepo unapolegea. Ipishe, kwanza kwa ajili ya mchanga, na pili kwa sababu wenyeji wa mji hupita asubuhi inayofuata kukagua ngazi, kuondoa mbao zenye misumari na kufunga njia zilizobomoka.

Usiku ule nilikuwa nikijiuliza maji yatakupwa saa ngapi. Mtu wa pwani hawezi kulala karibu na bahari bila kulifikiria hilo. Lakini Baltiki ni bahari iliyofungwa, inapumua kupitia milango myembamba ya Denmaki, na kupwa na kujaa kwake huwezi hata kukuona kwa macho. Maji yake yanapandishwa na upepo. Upepo ukiyasukuma siku mbili tatu, yanapanda hadi kwenye vilima vya mchanga na kukaa pale mpaka upepo ugeuke. Mwezi Oktoba 2023 yalipanda zaidi ya mita mbili juu ya kawaida kule Flensburg. Mwezi Novemba 1872 bahari hii iliua mamia ya watu katika pwani za Ujerumani na Denmaki, na hapo hapo Usedom ilipasua kisiwa mahali pake pembamba karibu na Koserow. Kwa hiyo mazoea yetu ya kusema “tusubiri maji yatoke ndipo tutandike” hayana kazi kule. Kama ufukwe umebaki kipande chembamba asubuhi, huenda jioni ukabaki vile vile.

Ndivyo tulivyoukuta siku ya pili. Upana wa ufukwe ulikuwa umeliwa. Ngazi ya mbao iliishia hewani, kidato cha mwisho kikiwa juu ya mchanga kwa kimo cha mtoto, ikabidi mzee mwenye magoti mabovu ashushwe kwa kushikwa mikono. Na kile kibao kinachowatenga wavaa nguo na wasiovaa hakikuwepo. Kiling'oka na nguzo yake. Hili linaweza kukuchekesha mpaka uwe wewe ndiye unayejiuliza uvulie wapi. Wenyeji hawababaiki, wanajua mpaka kwa njia za kushukia, kila njia ina alama yake huko juu kwenye msitu wa misonobari. Mgeni aangalie ramani kwenye ubao wa kule juu kabla ya kushuka, au aulize tu. Kuuliza si aibu pale. Nilimwona mwanamke mzee, uchi wa mnyama, akimwelekeza kijana aliyevaa koti zito kwa sauti ile ile ambayo angemwelekezea kituo cha basi.

Sasa niseme la kuvua, kwa kuwa najua wengi mmefika hapa kwa ajili yake.

Niliogopa. Si haya tu, ingawa haya zilikuwepo. Nilikuwa Mwafrika pekee kwenye kipande kile chote cha pwani, na mwili wangu nimezoea kutazamwa hata nikiwa nimevaa. Nilikuwa nimekuja na jozi ya kanga, moja ya kukalia na moja ya kujifunga, na mwenyeji wangu alisema jifunge tu, utavua ukijisikia au hutavua. Wao huvua kwa mpigo, kama mtu anavyovua viatu mlangoni. Mimi nilikaa na kanga yangu muda mrefu, nikitazama. Nilichokiona kikanishusha moyo: hakuna aliyekuwa anamtazama mwenzake. Kila mtu, mzee kwa kijana, alikuwa ameinamisha kichwa anatembea polepole kwenye mstari wa mwani ulioachwa na mawimbi, akichokoachokoa kwa kijiti. Ufukwe mzima wa watu uchi, mikono nyuma, macho chini. Sidhani nimewahi kukaa mahali penye watu wengi wasiojali sura yangu kama pale.

Wanatafuta kaharabu. Ile ile ya tasbihi za wazee wetu, ya shanga zinazoletwa kutoka Omani na Ghuba, nyingi yake chimbuko lake ni Baltiki hii. Ni utomvu wa misonobari ya kale sana uliogeuka jiwe, na ni mwepesi mno, kiasi kwamba maji ya bahari yenye msukosuko huunyanyua kutoka sakafuni na kuutupa pwani pamoja na mwani, vijiti na makaa ya kale. Ndiyo maana hutafutwa baada ya dhoruba. Wajuzi huangalia pale palipolundikana vijiti vyeusi vilivyooza, kwa kuwa uzito wake na wa kaharabu haupishani sana, vinasafiri pamoja. Mchanga mtupu hauna kitu. Mwani mbichi peke yake mara nyingi hauna kitu pia.

Nilipoinama na mimi nikaanza kutafuta, ile kanga iliteleza nikaiacha. Sikuwa na hotuba yoyote moyoni. Nilikuwa nimeona kitu cha manjano.

Kabla sijakigusa, mwenyeji wangu alinikemea kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia hata wodini. Hapa naomba msomaji asome taratibu, kwa sababu hili ni kubwa kuliko habari ya uchi mara mia.

Kaskazini mwa kisiwa kile kuna Peenemünde, mahali ambapo utawala wa Hitler ulikuwa ukitengenezea roketi zake. Usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 Agosti 1943 ndege za Uingereza zilipashambulia, na sehemu ya mabomu iliangukia baharini. Mabomu ya moto yalikuwa na fosforasi nyeupe. Mpaka leo bahari inaitapika vipande vipande, na kipande cha fosforasi kilicholowa kinafanana na kaharabu kwa rangi, kwa mng'ao na kwa umbo. Kikiwa kimelowa kimetulia. Kikikauka, na joto la mwili likikisaidia, kinajiwasha chenyewe, na moto wake unapita digrii elfu moja. Watu wameungua mapaja na viuno kwa kukitia mfukoni, wakaenda zao, na dakika chache baadaye suruali ikawaka. Maji hayamalizi kazi, maana kikikauka tena kinawaka tena.

Utasema aliye uchi hana mfuko. Ni kweli, lakini ana mkono, na kuna wanaoshika walichookota kwenye kiganja kwa saa nzima au kukifunga kwenye pindo la kitambaa. Mimi ningefunga kwenye pindo la kanga, ndivyo tulivyozoea kufunga sarafu na funguo. Wenyeji wanabeba kopo la bati lenye kifuniko. Kila kinachookotwa kinatupwa mle, kopo linawekwa mbali na mwili na mbali na nguo, na nyumbani vitu vinaachwa vikauke juu ya jiwe au sahani ya chuma nje ya nyumba kabla mtu hajavishika. Usiokote kwa vidole vitupu kitu usichokijua. Watoto wasiachiwe kuokota peke yao. Na ikitokea mtu amewaka, vua nguo zote upesi, tupa mbali, mwagia maji mengi sehemu iliyoungua, ifunike kwa kitambaa kilicholowa chapachapa na usikiache kikauke, piga 112 na useme wazi kwamba ni fosforasi. Hospitali inatibu jeraha hilo tofauti na la maji ya moto. Vibao vya onyo vipo kwenye baadhi ya njia za kushukia, lakini kama nilivyosema, dhoruba haibagui vibao.

Kile changu cha manjano kiliingizwa kopo kwa kijiti. Kilikuwa kipande cha plastiki.

Kuogelea kuna mambo yake. Asubuhi ile bendera nyekundu ilikuwa juu ya mnara wa waokoaji kwenye ufukwe mkubwa wa mji, nayo maana yake ni kwamba hakuna kuingia majini. Bendera ya nyekundu na njano inasema waokoaji wapo kazini, na ikiongezewa ya njano, wasiojua kuogelea vizuri wakae nje. Shida ni kwamba sehemu za FKK nyingi ziko mbali na mnara. Hutaiona bendera. Watu wanahesabu kuwa kama hawajakatazwa, wameruhusiwa, na wapo walioruka ndani huku mawimbi yamepoa usoni tu. Chini mchanga ulikuwa umehama, mashimo yamefunguka mahali palipokuwa na kina cha kiunoni, na maji yanayorudi hupenya kwenye mapengo ya mafungu ya mchanga na kukubeba nje. Ukibebwa usishindane nayo, ogelea ubavuni, sambamba na pwani, mpaka uachiwe.

Halafu kuna zile safu za magogo yaliyochomekwa kuanzia mchangani hadi ndani ya maji ili kuvunja nguvu ya mawimbi. Zinapendeza kwenye picha. Baada ya dhoruba baadhi ya magogo huwa yamekatika chini ya uso wa maji, yana makali na kome, na mkondo huvuta kando yake. Aliyevaa hata kaptura hukwaruzwa kidogo. Aliye uchi huchanika. Vijana wawili walipanda juu yake kupigana picha, na mmoja akatoka na paja linalovuja damu. Nilimfunga jeraha kwa kitambaa cha begani mwangu, na nikamkataza kabisa kurudi majini.

Sikumkataza kwa ukali wa kiuguzi tu. Maji ya Baltiki upande ule yana chumvi kidogo sana, pengine robo ya chumvi ya Bahari ya Hindi, na mwisho wa kiangazi yakipita digrii 20 humea ndani yake bakteria jamii ya Vibrio. Kwa mtu mzima mwenye afya na ngozi nzima si tatizo. Kwa mwenye kidonda, hasa mzee, mwenye kisukari, ugonjwa wa ini au kinga dhaifu, bakteria hao wanaweza kuingia kupitia kwenye mchubuko na kula nyama kwa saa chache. Ukiona jeraha lililogusa maji yale linavimba haraka na kuuma kuliko ukubwa wake, nenda hospitali siku ile ile na useme ulikuwa baharini. Kunyoa kabla ya safari pia ni mchubuko, na watu wengi hunyoa kwa kuwa wanakwenda kuonekana. Nyoeni siku kadhaa kabla, au msinyoe. Kule hakuna anayekagua.

Mimi niliingia mchana, mawimbi yalipokuwa yamelala, mpaka magotini kisha mpaka kifuani, karibu na wenyeji wangu, basi. Chumvi ikiwa haba, mwili hauelei kama unavyoelea Tanga, nilijihisi mzito. Na bila nguo iliyolowa inayokuvuta, kuogelea kunakuwa kwepesi ajabu. Nilicheka peke yangu ndani ya maji. Hilo nalo nalisema wazi, nisije nikaonekana nilikwenda kuteseka.

Kuhusu majabali, zile kuta za udongo na mawe zinazosimama juu ya ufukwe, nitasema kwa kifupi kwa kuwa sheria ni moja: usikae chini yake, hata kama ndipo penye kinga ya upepo. Baada ya mvua na mawimbi kula msingi, udongo unashuka bila kupiga hodi. Kisiwa jirani cha Rügen, Desemba 2011, msichana wa miaka 10 alifunikwa na jabali karibu na Kap Arkona akafa. Siku tuliyokuwepo familia moja ilikuwa imetandika hapo hapo, na mzee wetu alikwenda, uchi na magoti yake mabovu, kuwahamisha. Walihama.

Mambo madogo yanayobaki. Kaa juu ya taulo au kanga yako kila unapokaa, iwe mchangani au kwenye benchi. Huo ndio adabu ya kwanza ya watu wa uchi. Simu ifungwe ndani ya begi. Ukitaka kupiga picha ya kaharabu yako, ipeleke nyumbani ukaipigie huko, kwa sababu kumpiga mtu picha akiwa uchi bila ridhaa yake kunaweza kukufikisha polisi. Kuvaa nguo zote ukakaa katikati yao unatazama kunawakera kuliko unavyodhani, na mji wa Rostock katika pwani hiyo hiyo ulitunga mwaka 2025 kanuni inayowapa wasimamizi nguvu ya kuwaondoa wavaa nguo kwenye sehemu za FKK. Kanga ya kujifunga na kujifungua haikumkera yeyote. Kulikuwa na mwanamume mmoja aliyepita mara nyingi mno mbele yangu kuliko kaharabu ilivyohitaji. Mwenyeji wangu alisimama, mikono kiunoni, akamuuliza kwa sauti kama amepoteza kitu, na ufukwe mzima ukageuka. Hakurudi. Mwanamke asiende peke yake mara ya kwanza, hasa siku za baada ya dhoruba ambapo watu ni wachache na wametawanyika.

Jua la baada ya dhoruba ni kali kwa kuwa anga limefagiliwa, na upepo baridi unakudanganya usilisikie. Wenzangu walipaka mafuta ya kinga mpaka nyayo. Mimi nilidhani rangi yangu inatosha kama inavyotosha usoni na mikononi, kumbe kuna ngozi ambayo haijaona jua tangu kuzaliwa. Nilikaa upande mmoja kwenye treni hadi Berlin. Beba pia chupa ya chai ya moto na sweta nzito, kwa kuwa kutoka majini kwenye upepo ule kunakutetemesha meno hata Agosti.

Nyumbani tulilimimina kopo lililokwisha kukauka, tukajaribu vitu vyetu kwenye glasi ya maji iliyokolezwa chumvi, vijiko viwili vitatu vikubwa vilivyokorogwa mpaka vikayeyuka. Mawe na glasi za chupa huzama, kaharabu huelea. Ukiisugua kwenye sufu huvuta vipande vya karatasi. Vyangu vingi vilizama. Kimoja kidogo cha rangi ya asali kilipanda juu kikakaa. Mzee akasema msimu wenyewe ni Novemba mpaka Machi, maji yakiwa baridi na mazito zaidi, dhoruba zikifuatana. Nimeomba likizo ya Novemba. Nimenunua mabuti ya mpira, tochi ya mwanga wa zambarau inayoifanya kaharabu ing'ae gizani, na kopo langu mwenyewe la bati.